Re: Kuna ubaya gani kumpa kima punju ndizi moja?

Ndugu, umeuliza kama ndizi moja pale msitu wa Jozani, Zanzibar, inaweza kumdhuru kima punju, yule kima mwekundu wa huko, maana "wamezoea watu". Hilo la kuzoea ndilo tatizo lenyewe.

Kwanza tumbo. Huyu si kima wa kawaida anayekula chochote. Tumbo lake lina vyumba vinne, kama la ng'ombe, na bakteria waliomo humo wamezoea majani na matunda mabichi. Tunda bivu lenye sukari nyingi huchachuka haraka na kumjaza gesi. Ndiyo maana mashambani utamwona akila embe changa na kuliacha lililoiva. Majani ya mkungu (mti wa kungu, si mkungu wa ndizi) na mwembe yana sumu kidogo, naye hutafuta mkaa kwenye majiko yaliyozimwa akatafuna ili kuituliza. Daktari wa nafsi yake, bwana!

Pili, barabara ya kwenda kusini inapita kando ya msitu. Kima wengi waligongwa na magari hadi yakawekwa matuta, vifo vikapungua. Sasa mnyama akijifunza kwamba gari na mtu ni chakula, atakaa wapi kama si barabarani?

Mafua yetu nayo yanaweza kumwambukiza, kwa hiyo mambo ya kusogeza uso apate kuonekana kwenye selfi, acha. Ukiwa na kikohozi, ahirisha safari. Na mwongozaji akikuita usogee karibu "kwa picha nzuri tu", mwambie hapana, hata kama anategemea bahashishi.