Jua la Chini Ndilo Lililoniunguza

Nimezaliwa na ualbino, nikakulia mwaloni, kando ya Ziwa Victoria. Mama alikuwa akianika dagaa mchangani, na kazi yangu wakati wa likizo ilikuwa kufukuza ndege. Nikishavaa kepi, basi, najiona nimejikinga. Jioni chini ya kidevu panawaka kama pamepakwa pilipili, na nyumbani hakuna aliyeelewa jua limefikaje huko.

Lilitoka chini. Mchanga mkavu hurudisha kama asilimia 15 ya mionzi ya urujuanimno (UV), ile ya jua inayounguza ngozi, na povu la maji kama 25. Tena ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mionzi hiyo huzidi makali kadiri unavyopanda. Mawingu nayo, yakiwa mepesi, hupitisha hadi asilimia 80. Siku nilizoungua vibaya kuliko zote zilikuwa za mawingu, maana hakuna joto la kukukimbiza kivulini.

Nikiwa na miaka 26 kigaga kidogo kikatoka nyuma ya sikio la kulia, kikawa kidonda. Nilipaka kila nilichouziwa dukani, miezi minne. Kinakauka, nikilalia upande ule kinatoa damu upya. Daktari wa ngozi aliyekuja na kliniki ya mkoba alikitazama mara moja tu, akasema kikatwe. Majibu ya maabara: saratani ya ngozi, nashukuru ilikuwa bado changa.

Ndiyo maana mimi huanza na nguo, siyo losheni. Kepi inaacha masikio na kisogo wazi. Tafuta pama yenye ukingo mpana pande zote. Shati liwe la mikono mirefu, lenye kola, na kitambaa kilichoshonana: kiinue juani, ukiona mwanga unapita ovyo, na mionzi inapita. Wazazi, nendeni mapema kwa mwalimu mkuu kuhusu kaptula na mikono mifupi ya sare. Mama yangu alikwenda mara tatu ndipo akasikilizwa.

Losheni natumia Kilisun, inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili yetu. Paka ya kutosha, masikio usiyasahau, urudie kila baada ya saa mbili. Mafuta ya mgando hayazuii jua hata kidogo, ingawa niliyaamini utoto mzima.

Nanyi wenye ngozi nyeusi, melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, inawalinda sana, lakini siyo macho. Pale mwaloni nawaona wavuvi wenye kinyama kinachotambaa kutoka pembe ya jicho kuelekea kwenye mboni. Jua la miaka mingi lina mkono humo, pamoja na upepo na vumbi. Miwani ya jua si ulimbwende.

Saa siangalii. Kivuli changu kikiwa kifupi kuliko mimi, natafuta mwembe. Na kila mwisho wa mwezi mke wangu ananikagua nyuma ya masikio na kisogoni kwa tochi ya simu. Kidonda kikipitisha wiki nne bila kufunga, hatuulizani tena, tunakwenda hospitali.