Bata wanauawa usiku na wavu haujakatika

SWALI: Banda la bata wangu limezungushiwa wavu wa kuku na mlango naufunga kila jioni. Hata hivyo nimekuta bata wawili wamekufa kando ya wavu, mmoja hana kichwa. Kitu gani kimeingia?

JIBU: Pole sana. Huenda hakuna kilichoingia. Bata hulala chini, mara nyingi wakiegemea wavu. Akishtuka akatoa kichwa tunduni, mnyama aliye nje humvuta. Wavu wa kuku unazuia kuku wasitoke, basi. Mbwa huuchana kwa meno.

Ziba sentimita 60 za chini kwa mbao. Juu yake, penye hewa, weka wavu wa chuma uliochomelewa wenye matundu yasiyozidi milimita 12. Ukaze kwa skrubu zenye washa (vibati vya duara vyenye tundu katikati) kila sentimita 15. Pini za stepla hung'oka zikivutwa, na ubaya ni kwamba kwa macho wavu unaonekana mzima.

Wanyama wanaochimba nao: laza wavu juu ya ardhi kuelekea nje, upana wa sentimita 60, uufunge kwenye msingi wa banda na kuufunika udongo. Mnyama huanza kuchimba pale pale ukutani, akakutana na chuma.

Mlangoni ongeza kufuli au karabina (pete ya chuma yenye kilango cha springi), kwani komeo jepesi hufunguka likisukumwa. Waingize kabla giza halijaingia. Bata, tofauti na kuku, wengi hawarudi bandani wenyewe.