Je, kimbunga cha Pwani kinaweza kufika Mwanza?

Ndugu, umeuliza kama kimbunga kinachotangazwa Pwani kinaweza kutufikia huku Mwanza. Hakiwezi kufika kikiwa na nguvu zake, kwa kuwa hulishwa na maji ya bahari yenye joto na hudhoofu kinapopanda nchi kavu, kama Hidaya kilivyofifia baada ya kutua Mafia tarehe 4 Mei 2024. Sisi tuogope dhoruba za usiku, pale pepo za nchi kavu zinapokutana katikati ya ziwa na kuinua hewa yenye unyevu, saa zile zile wavuvi wa dagaa wamewasha taa zao. Shemeji yangu wa Igombe, akiona radi upande wa visiwani, huvuta mtumbwi hadi kwenye mwembe na kuufunga kamba mbili. Jirani zake humcheka.