Kukata miti mikubwa tu na athari kwa wanyama

Je, ukikata miti mikubwa tu, wanyama wa msituni hawadhuriki? Hapana, wanadhurika hata ukichagua miti mikubwa tu. Angalia Kibale, Uganda: sehemu ya msitu ilivunwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na watafiti wamekuwa wakihesabu kima na mbega pale tangu 1970. Palipokatwa sana, kima walizidi kupungua hata miaka 28 baadaye. Mti mmoja ukianguka unaangusha na miti jirani, halafu kwenye uwazi vinaota vichaka vizito, tembo wanavifuata na kuvunja miche, basi uwazi hauzibwi na miti mipya. Ila si wote wanaoumia: mbega weusi-kwa-weupe wao walistawi palipokatwa, wakati mbega wekundu walikuwa wachache kuliko msituni pasipoguswa.