Kuhamia umeme nyumbani: piga hesabu ya kifaa kimoja kimoja

Nyumbani kwetu tumehamia umeme kwa sehemu kubwa, na kila anayesikia huuliza kama inalipa. Hulipa, lakini kifaa kwa kifaa, si nyumba nzima kwa mkupuo. Anayetaka kukuuzia kila kitu siku moja, mwambie akuachie bei, nawe ukae na kalamu.

Anza na jikoni. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati ya karibu uniti 13 za umeme. Lakini kwenye jiko la gesi, kama nusu ya joto hilo hupita pembeni mwa sufuria na kuishia hewani, kwa hiyo chakula hupata uniti 6 na nusu hivi. Jiko la induksheni huipasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, na takribani asilimia 85 ya umeme hufika kwenye chakula. Ina maana kazi ya kilo moja ya gesi hufanywa na uniti 7 na nusu. Basi zidisha bei ya uniti moja mahali ulipo kwa 7.5. Jibu likiwa chini ya bei ya kilo ya gesi, umeme umeshinda. Likizidi, baki na gesi yako bila wasiwasi. Kwa jiko la koili, yaani la waya unaopata moto, zidisha kwa 9, maana koili hupoteza joto zaidi.

Bei hiyo ya uniti iwe na kodi na tozo zote ndani. Kama unauziwa umeme kwa madaraja, tumia bei ya daraja utakaloangukia baada ya kuongeza matumizi, si la leo. Hapa ndipo hesabu nzuri za karatasini huharibika. Angalia na sufuria zako pia: weka sumaku chini ya kila moja, na isiyonata haitafaa kwenye induksheni ya kawaida. Sufuria za aluminiamu tupu ndizo hukwama hapo, na kununua mpya ni gharama ya kuhesabu.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni presha kuka ya umeme. Imefungwa, kuta zake huzuia joto lisitoke, na presha ikishafika huwaka kidogo kidogo tu. Kwa vyakula vya kuchemka muda mrefu, hula umeme mdogo sana ukilinganisha na koili. Mwenye fedha kidogo aanzie hapa. Mimi husoma mita kabla na baada ya kupika, na naomba nawe ufanye hivyo kwa wiki chache. Namba za mita yako zina thamani kuliko tangazo lolote.

Maji ya moto ndiyo yanayonitia hasira, kwa sababu wanunuzi hudanganywa sana. Kupandisha joto la lita 50 za maji kwa nyuzi 30 kunahitaji karibu uniti 1.75. Hita yoyote ya koili, ghali au rahisi, itakula angalau kiasi hicho. Usiongeze hata senti kwa hita ya koili inayojinadi kupasha maji yale yale kwa nusu ya umeme. Tofauti ya kweli iko kwenye tangi: linatunza joto vizuri au haliwezi. Kinachobadilisha hesabu ni pampu ya joto. Hiyo hulichota joto lililopo hewani na kulisukumia kwenye maji, na kwa uniti moja ya umeme hutoa uniti 2 hadi 4 za joto. Bei yake ni kubwa, hivyo huwafaa wenye familia kubwa inayooga maji ya moto kila siku. Mtu anayeishi peke yake huenda asirudishe fedha yake kabla pampu haijachakaa.

Wanaopasha vyumba kwa boila ya gesi, yaani mtambo unaochoma gesi ili kupasha maji ya kuleta joto vyumbani, watazame uwiano wa bei. Bei ya uniti ya umeme ikizidi mara 3.3 ya bei ya gesi yenye nishati ya uniti moja, pampu ya joto inayotoa uniti 3 za joto kwa uniti moja ya umeme itakuwa ghali zaidi kuiendesha kuliko boila nzuri.

Kisha kuna waya. Jiko la wati 2,000 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 9. Liwake pamoja na hita ya kuoga ya wati 5,000, tayari ni ampea 30. Waya nyembamba za zamani hazitahimili. Mlete fundi umeme kabla ya kununua chochote, na ujira wake uingie kwenye hesabu.

Sisi tulisubiri kila kifaa kichakae. Hita ikishakufa lazima ununue nyingine, kwa hiyo gharama ya kuhama ni ile tofauti ya bei tu. Igawe kwa akiba ya mwaka mmoja, upate miaka ya kurudisha fedha. Ukikopa, ongeza riba kwanza.

Mwenye gesi ya bomba mara nyingi hulipa ada ya kila mwezi hata akichemsha chai tu, kwa hiyo akiba yake hukamilika siku anapoondoa kifaa cha mwisho cha gesi. Mwenye mtungi hana mzigo huo. Auweke kwa ajili ya siku umeme unapokatika, na akague mpira wake kila mara kabla ya kuwasha.