Kabla ya kusema mikoko imekwisha, tazama mwezi

Wadogo zangu mnaoanza kazi za setilaiti huku Mtwara na Lindi, nimeletewa tena ramani inayosema mikoko ya Ghuba ya Mikindani imetoweka. Haijatoweka. Kaeni tuelewane.

1. Anzeni na bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), NDVI (kipimo cha ukijani wa mimea) baadaye. Setilaiti ya picha ya Sentinel-2, kila inapopita kwetu, hupita mnamo saa nne na nusu asubuhi. Pwani yetu, bamvua likiwapo, saa hizo maji yamekupwa. Siku za maji mafu (maji madogo, mwezi ukiwa nusu), saa hizo hizo maji yako juu. Picha mbili zilizopishana siku chache tu zaweza kuonyesha pwani mbili.

Kuna ramani ya namna hiyo niliipitisha mwenyewe, ripoti ikiwa inadaiwa. Tukaipeleka mkutano wa kijiji, tukaitandika mezani: ukingo wote mwekundu, maana yake mikoko imekatwa. Watu wakageukia upande alikoketi kijana mmoja mkata nguzo. Hakuna aliyemtaja jina, lakini aliinamisha kichwa. Mzee mmoja mvuvi akasogea, akaweka kidole kwenye wekundu. "Mwanangu, hapa mimi huegesha mtumbwi. Hapajaota mti tangu nizaliwe. Hizi nyasi." Ni kweli, zilikuwa nyasi bahari. Picha ya kwanza ilipigwa siku ya bamvua, nyasi zimeanikwa juani, NDVI juu, programu ikaziita mikoko. Ya pili ilipigwa maji mafu, nyasi zimefunikwa, programu ikasema msitu umekwenda. Tulimwomba radhi yule kijana mbele ya watu wote. Akaitikia, "Haya." Jedwali la maji kujaa na kupwa lilikuwa ukutani ofisini kwetu muda wote huo, na hadi leo jambo hilo linaniuma.

2. Miombo hupukutisha majani kiangazi, basi msilinganishe Aprili na Agosti mkalia ukataji. Mikorosho hubaki kijani mwaka mzima, ndivyo mtakavyoitenga. Ila mikorosho michanga, iliyopandwa mbalimbali na mchanga mtupu katikati, huonekana kama shamba lililoachwa. Hapo hakuna ujanja: pandeni bodaboda mkaione.

3. Mawingu yakitanda, tumieni rada ya setilaiti ya Sentinel-1. Siku kama zile za kimbunga Hidaya, Mei 2024, ndiyo inayopenya. Maji yaliyotulia huonekana meusi.

4. Michirizi kwenye picha za setilaiti ya Landsat 7 za baada ya tarehe 31 Mei 2003 ni hitilafu ya chombo. Si mashamba yaliyochomwa, jamani!

5. Ramani za zamani za karatasi zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali. Mkizilaza juu ya picha za WGS 84, mfumo wa setilaiti na GPS, bila kuzibadili, kila kitu kitasogea karibu mita 300. Mkiona shule ya msingi imeingia baharini, angalieni hilo kwanza kabla ya kumpigia simu mwalimu mkuu.