Ukiwa Wales, Usimuulize Mzee kwa Nini Anashangilia England

Nilipokwenda kujitambulisha kwa wakwe zangu karibu na Swansea, mwaka 2007, Kiswahili kilinichongea. Televisheni ilikuwa inaonyesha kriketi, mkwe wangu kakaa mbele yake na daftari mapajani, penseli sikioni. Nami, kwa kutaka kujipendekeza, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha Unguja: "Naona nyinyi Waingereza mnaongoza." Mke wangu akanikanyaga mguu.

Sisi kwetu Uingereza ni moja. England ni Uingereza, ufalme wote ni Uingereza, na anayetoka huko, awe wa London au wa Cardiff, ni Mwingereza, basi. Huku neno hilo lina mipaka, na mtu wa Wales hayumo ndani yake. Mzee hakukasirika. Alisema tu, "Timu ni yangu. Jina ndilo si langu."

Siku hizi nami ni mshabiki, na Waswahili wenzangu wanaohamia huku huniuliza vipi mtu anaweza kuichukia England kwenye raga mwezi wa Februari, halafu Julai akaishangilia kwenye kriketi mpaka sauti ikamkauka. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba swali hilo usimpelekee mzee. Jijibu mwenyewe.

Wales haina timu ya taifa inayocheza zile mechi za siku tano. Scotland walijitoa kwa England mwaka 1992, Ireland wakapata uanachama kamili wa kimataifa mwaka 2017. Wales wamebaki. Klabu yao kubwa, Glamorgan, imo kwenye ligi ya kaunti za England tangu 1921 na imetwaa ubingwa mara tatu: 1948, 1969 na 1997. Kijana wa Wales akitaka kufika juu kabisa, njia iliyopo inapita kwenye jezi ya simba watatu, ya England. Chombo kinachoendesha mchezo wenyewe kinaitwa Bodi ya Kriketi ya England na Wales, ila kifupi chake ni ECB. Itafute W. Mkwe wangu anaitafuta tangu bodi ilipoundwa 1997, na akifungua ukurasa mpya wa daftari huandika "England & W" kwa mkono wake, bila kumwomba mtu ruhusa.

Usimwambie "basi mwe na timu yenu". Ameshausikia ubishi huo, na anajua pesa ziko wapi na mechi kubwa za Cardiff zinatoka kwa nani. Tena mwaka 2002 Wales waliifunga England palepale Cardiff, mechi ya siku moja, kwa wiketi nane. Siku ile alimshangilia nani? Nilimuuliza mara moja tu.

Jifunze majina badala yake. Tony Lewis, mzaliwa wa Swansea, aliwahi kuwa nahodha wa England. Lakini ukitaka kukaribishwa chai ya pili, mtaje Simon Jones, naye mtoto wa Swansea, na mwaka 2005. England ilikuwa haijawashinda Australia kwenye Ashes, mfululizo wa mechi za nchi hizo mbili, kwa miaka 18. Pale Old Trafford, Jones alimrushia Michael Clarke, mpigaji wa Australia, mpira ulioonekana unakwenda nje kabisa. Clarke akanyanyua gongo juu, auache upite zake. Mpira ukarudi ndani hewani, ukakiangusha kijiti alichokuwa akikilinda, na Clarke yuko vilevile, gongo juu, kama mtu anayeagana na meli. Mzee huigiza mkao huo kwa mwiko wa jikoni. Usicheke kabla hajamaliza.

Mimi nilielewa mapema kuliko wengi kwa sababu ni Mzanzibari. Kwenye Kombe la Challenge la soka tunakuwa Zanzibar Heroes na Bara ni wapinzani wetu; AFCON ikija tunakaa nyuma ya Taifa Stars. Machi 2017 CAF ilitupa uanachama kamili, Julai ikautengua. Nilimsimulia mzee habari hiyo, akanijazia kikombe bila kusema kitu.

Jambo jingine, jifunze kuandika daftari la mechi, mpira kwa mpira. Ni afadhali kuliko kuzungumza, na mechi ya siku tano ni ndefu. Mpira usiozaa mkimbio, ndiyo alama ya kriketi, ni nukta. Ova ni mipira sita; nzima ikiwa nukta sita, unaziunganisha zinakuwa M. Ova hiyohiyo ikiwa na wiketi ndani yake, yaani mpigaji katolewa, unaziunganisha zinakuwa W. Mzee huikoleza sana ile W.

Daftari la Julai 2009 ndilo analolificha. Ilikuwa mechi ya kwanza ya siku tano kuchezwa Cardiff, na ya Ashes. Australia walipata mikimbio 674, wapigaji wao wanne wakivuka 100. Siku ya mwisho Paul Collingwood wa England alisimama mipira 245, akatoka, wiketi ya tisa ikawa imeanguka, na wakabaki wawili wa mwisho, James Anderson na Monty Panesar, wote warushaji, gongo si kazi yao. Walihitaji kuvumilia bila kutolewa mpaka muda uishe. Mchezaji wa akiba wa England akatumwa uwanjani na glavu, baadaye kidogo akatumwa tena, huku muda ukienda, Ricky Ponting, nahodha wa Australia, akapandwa na hasira, nasi jukwaani tukashangilia glavu kama bao. Wawili wale walimaliza mipira 69 na hawakutoka. Sare.

Katikati ya hapo penseli ya mzee ilikatika ncha. Mkono ulikuwa unamtetemeka hata hakuweza kuichonga, nikampa kalamu yangu. Kwa hiyo ukurasa ule nukta zote ni za penseli, isipokuwa ova za mwisho, zilizo za wino wa buluu, na mojawapo imetobolewa kabisa hadi ukurasa wa pili.